Kampuni ya Michezo Yaletewa Posa

Maalim Jamaldin wa Kibokoni alikuwa mkalimani wa kulipwa na mshenga wa kupenda. Posa ngapi hazikupitia kinywani mwake! Alipoitwa mtaa wa Mbaraki, Mombasa, kufasiri kwenye kikao cha wakaguzi wa ushindani wa biashara, alivaa kanzu ile ile ya kuposea, akajifukiza udi kidogo.

Shauri lenyewe lilikuwa hili: kampuni kubwa ya ng'ambo, yenye kuuza mashine za kuchezea, ilitaka kuinunua kampuni inayotengeneza michezo ya video, na wakaguzi walitaka kusikia wananchi wasemaje kabla ya kutoa idhini. Wakili wa mnunuzi akasimama, akamwaga Kiingereza kirefu. Jamaldin akatafuta maneno, yakamponyoka. Ulimi ukaenda ulikozoea.

"Jamaa zangu," akasema, "bwana huyu ametumwa kuleta posa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Ruweida, mwenye chumba cha kuchezea michezo hiyo mtaa wa Kuze, akainuka.

"Karibuni. Lakini biarusi ana ule mchezo wake wa mpira, ndio wateja wangu waucheza kutwa. Akishaolewa tutamwona tena, au mume atamfungia, aonekane kwenye mashine zake tu?"

Jamaldin akajiuliza. Sasa huyu biarusi atamvusha vipi hadi kwenye Kiingereza? Kabla hajatamka neno, mwenyekiti wa wakaguzi, Bi Nekesa, mama wa Bungoma aliyezoea maneno ya Mombasa, akamgeukia wakili na kumweleza mwenyewe: mama huyu auliza kama mchezo wa mpira utabaki kwenye mashine za kampuni nyingine.

Wakili akakohoa, akajibu.

"Asema hilo litazungumzwa baadaye," akafasiri Jamaldin.

"Baadaye lini? Masharti husemwa kabla ya nikahi, babangu!" akadakia Bi Ruweida.

Bi Nekesa akajifunika uso kwa faili, mabega yakimtikisika. Kisha akamwambia karani, "Andika hivyo hivyo."

Baada ya miezi michache uamuzi ukatoka: idhini imetolewa, kwa sharti kwamba mchezo ule uendelee kupatikana kwenye mashine za kila kampuni. Jamaldin akakimbilia Kuze kumpasha Ruweida habari. Ruweida akafurahi, akamkalisha kitini, akamtia kidude cha kuchezea mkononi.

"Maalim, umeusemea sana mchezo huu. Hebu ucheze."

Alifungwa mabao hadi akaacha kuhesabu, mengine kajifunga mwenyewe. Adhana ya alasiri ilimkuta amevua kofia, anaomba mechi moja tu ya mwisho.