Makaa Chini ya Kitanda cha Mzazi

Nyinyi vijana mnaobishana kwenye simu kuwa likizo ya uzazi haitoshi, sikwambieni mnyamaze. Ombeni zaidi. Mjukuu wangu anayekaa Al Khoudh, hapa Maskati, yuko nyumbani na mtoto wake na mshahara unaingia, na kila nikimwona amejilaza ananyonyesha, moyo unanipiga. Si wivu. Ni khofu ya zamani, haijanitoka.

Ilikuwa kabla ya mwaka wa sabini, tukiwa wageni Maskati. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, na nguo za mwilini tu. Mume wangu akenda Kuwait kutafuta kazi, akaniacha Matrah, bandarini ubavuni mwa Maskati, na mama yake, nna mimba kubwa, chumba kimoja cha mawe chenye dirisha moja. Nikawa nafua na kupiga pasi nyumba ya tajiri mmoja. Nikajifungua mtoto wa kike, majira ya joto yanaanza. Arubaini yangu ya uzazi haijafika nusu, bibi wa nyumba ile akatuma mtu: nirudi, au kazi apewe mwengine. Sheria ya kunitetea haikuwepo. Nikenda.

"Nenda, mwanangu," mama mkwe akanambia. "Ntamlea kama nilivyomlea mumeo."

Na ndivyo alivyofanya. Kwetu Unguja mzazi na mtoto hawapigwi na upepo. Dirisha linafungwa, mtoto anaviringwa kanga, makaa yanawekwa chini ya kitanda na udi juu yake. Kule mvua inanyesha, kuta zina unyevu, joto lile linafaa. Matrah milima imeizunguka nyumba, na jiwe likishapata jua halipoi. Sisi hatujawahi kuzaa huku. Tungejuaje?

Siku moja nilikuwa napiga pasi kanzu, maziwa yakanitoka, kifua kikarowa. Nikajua wakati wa kunyonyesha umepita. Nikaomba ruhusa.

"Maliza kwanza," bibi akasema. "Mtoto kulia ni afya."

Nikarudi kwenye pasi, macho yako mlangoni. Nikaunguza ukosi wa kanzu. Hakuna aliyekuja kuniita, ila niliingiwa na khofu isiyo na sababu, nikaweka pasi nikatoka mbio. Tangu kwenye kona ya uchochoro nilikuwa natega sikio nisikie kilio. Nikafika mlangoni. Kilio hakipo.

"Taratibu, kalala," mama mkwe akasema, anapepea makaa. "Leo mtulivu, hajasumbua tangu asubuhi."

Nikamfunua. Ngozi ya moto, kavu. Midomo imepasuka. Utosi umebonyea. Nikamtia ziwa mdomoni, hakufungua. Hapo nikapiga ukelele, sijui nilisema nini.

Akaingia jirani yetu, mwanamke wa hapahapa Matrah. Joto la chumba likamrudisha hatua nyuma.

"Mnamkausha kama papa?" akasema kwa Kiarabu. "Toeni moto huu!"

"Atapata baridi!" mama mkwe akalia.

"Baridi! Nionyeshe ilipo na mimi nikaoge."

Akasukuma dirisha, akazivua zile kanga, akamlaza mtoto kivulini karibu na mtungi, akawa anampangusa kwa kitambaa kibichi. Kisha mimi nikampakata, nikamtilia maziwa mdomoni kwa ncha ya kidole, tone kwa tone. Yakitoka pembeni, natia tena. Nilikuwa natazama kifua chake tu. Kikichelewa kupanda, na mimi pumzi inakatika. Mama mkwe kakaa chini anasoma Kurani, na maneno anayoyajua tangu utotoni yanampotea.

Kisha akameza. Akameza tena. Baada ya muda akanikojolea mapajani, jirani akasema, "Alhamdulillahi, huyu bado wa kwenu."

Hatujafuta hata machozi, mtumishi wa tajiri kasimama mlangoni. Bibi ameona ukosi umeungua, na kanzu zilizobaki anazitaka sasa hivi.

Mama mkwe akanitazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameingiwa na khofu kama mimi. "Nenda, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Ukikosa kazi ile tutakula nini?"

Nilikuwa sijapata kumpandishia sauti. Siku ile nilipandisha, na mtumishi akasikia: "Mama, kilichomo ndani ndicho tutakachokula. Makaa yatoke, dirisha lisifungwe, na mimi mlango huu sivuki mpaka arubaini yangu itimie. Akija mtu kuniita, mwambie nna kazi."