Kiganja Juu ya Tairi

Murielle, msusi wa mtaa wa La Rochelle, kusini mwa Afrika, hakuwahi kumwona fundi wake wa tairi, mgeni mwenzake nchini humo, akiharakishwa na mtu. Kila Septemba, baridi ikianza kuachia, fundi huyo huweka kiganja juu ya tairi kabla hata ya kushika kipimo, kama mama anayempima mtoto homa. "Jua limerudi, upepo umevimba," hunong'ona, kisha huupunguza kidogo, sikio karibu kabisa. Hupitisha ukucha kwenye kashata, michoro ya tairi inayoshika barabara, maana mvua za kwanza ziko njiani. Nati hukaza ya juu, halafu ya chini inayotazamana nayo, na gari likishuka kwenye jeki huzirudia zote.

Siku ile gari la Murielle lilikuwa juu ya jeki, gurudumu moja nje, kelele zilipoanza kusikika barabara kuu. Kundi lililokuwa likiwasaka wageni lilikuwa linakuja, na maduka yakafungwa kwa kishindo.

"Papa, banakuya! Kaza mbili tu, twende!" Murielle alimhimiza fundi, maana walikuwa wanakuja.

Fundi hakuinua kichwa. "Tulia, mama. Gurudumu likichomoka hapo mbele, watatukuta chini."

Akalirudisha gurudumu, akakaza. Akashusha jeki. Akarudia zote, moja moja, mkono umetulia kama siku zote, huku moshi ukipanda mwisho wa mtaa. Akaweka kiganja juu ya tairi, ndipo akaingia garini na kuvuta mkanda. Mkono ule ule ukakosa pa kuuchomeka, ukajaribu tena, ukakosa.

Murielle, aliyekuwa kwenye usukani, akamfungia mkanda, akakanyaga mafuta.