Karatasi Ndani ya Kabati la Vikombe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, someni mkiwa mmekaa, na simu iwe mbali. Shule niliiacha darasa la nne. Nimeandika kwa mkono, mjukuu wangu mkubwa akaipiga kwenye kompyuta. Alitaka kunisahihisha hapa na pale, nikamkataza. Nimewasikia mkisema huyu bibi huwa hakosei. Basi nawaambia nilipokosea.

Habari yenyewe ni ya mkwe wangu, huyo Mwingereza mnayemwona dirishani akitazama uwanja wa watoto. Anasahau. Alianza kabla hajafika miaka hamsini, na mtu wa kwanza kuona katika nyumba hii nilikuwa mimi. Niliona, nikadhani ni dharau.

Mimi nilikuja Stockholm kumfuata mume wangu aliyekuwa mwanafunzi. Yeye akasoma, mimi nikafagia ofisi za Kista mpaka magoti yakakataa. Mume wangu alifariki. Binti yetu wa mwisho akawa injinia katika ofisi kama zile zile nilizokuwa nafagia, na siku moja akaja kuniambia ana mchumba. Mzungu. Nikasema sawa. Mwingereza. Nikasema sawa.

"Anafanya kazi gani?"

"Mpira, mama. Anacheza beki wa kati."

"Mpira ni kazi?"

"Ni kazi. Analipwa."

"Na akizeeka?"

"Ameshazeeka, mama. Ndiyo maana amekuja Sweden."

Nilicheka, ingawa nilikuwa nimepanga kukasirika.

Maisha yake ya kazi niliyajua kidogo kidogo. Yeye Kiswahili alijua cha salamu na cha kuomba samahani, mimi Kiingereza changu ni cha darasa la nne na Kiswidi changu ni cha ufagio, kwa hiyo binti yangu ndiye aliyekuwa akitupitishia maneno. Baba wa mkwe wangu alikuwa dereva wa lori. Alifunga mpira kwa kamba kwenye boriti ya gereji, na kila siku mtoto akitoka shule ilibidi aupige kwa kichwa, kwenda na kurudi, ndipo apewe chakula. Alipofika miaka kumi na sita timu ikamchukua. Mwaka wa kwanza alisafisha viatu vya wakubwa. Ile ligi kubwa mnayoitazama kwenye simu hakuigusa. Alicheza zile za chini yake, katika miji ya mvua, akihamishwa huku na huku kama mwalimu wa serikali. Nilimuuliza beki hasa anafanya nini. Akasema kazi yake ni kuondoa mpira. Ukija juu, anauondoa kwa kichwa. Watu humkumbuka mshambuliaji kwa bao, akasema, na beki hukumbukwa kwa siku aliyokosea.

Uwanjani nilikwenda mara moja tu. Ilikuwa masika ya huku, theluji bado iko pembeni mwa nyasi. Nilikwenda na rafiki yangu wa kwaya, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, tumejifunika blanketi moja. Kila kona iliyopigwa, mpira ulishuka umelowa maji, na kila mara mkwe wangu ndiye aliyeruka.

"Mama, ule ndiye mkwe wako? Ule wa kichwa ya chuma?"

"Ndiye."

"Eh! Atapasula mpira, watamulipisha!"

Kisha akagongana na mtu vichwa. Damu ikashuka kwenye nyusi. Wakamfunga bendeji nyeupe kuzunguka kichwa chote, akarudi kucheza, na kona iliyofuata akaruka tena kwa kichwa kile kile. Uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Na mimi nilisimama. Nilipiga makofi mpaka glavu ikanivuka. Nilijivuna, siwezi kusema uongo.

Sasa niwaeleze kuhusu mkwe, maana nyinyi mliozaliwa hapa mnafikiri mkwe ni mtu wa kukumbatiana naye mlangoni. Kwetu, upande wa magharibi mwa Kenya, mama mkwe na mkwe wake hawapeani mikono. Hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Si chuki. Ni heshima, na mtu akiivunja anajua anachokuambia. Nilipostaafu, magoti yakishindwa na ngazi za nyumba yangu, binti yangu akasema nihamie kwao Norsborg. Kulala paa moja na mkwe! Niliwapigia simu wazee nyumbani. Wakasema, huko ni Sweden, nenda, lakini masharti yabaki. Basi nikayaweka. Nikiwa jikoni yeye asubiri ukumbini. Asinipe mkono. Asile mbele yangu.

Na alishika! Kuliko Waluhya wengi ninaowajua. Nikipita kwenye ukumbi alijibandika ukutani, mikono miwili mbele chini ya tumbo, macho mbele, kama wale wanaojipanga mpira wa adhabu unapopigwa. Wajukuu walikuwa wakifa kwa kicheko. Mimi nilikuwa nikipita na uso wangu mkavu, nikifika chumbani nacheka peke yangu.

Hivyo tukaishi miaka. Aliacha kucheza, akapata kazi katika ghala moja huko Märsta, karibu na uwanja wa ndege, na jioni alifundisha watoto wa mtaa. Mpaka mwaka ule, majani yakianza kuanguka.

Mchana mmoja nilikuwa jikoni nakula ugali na samaki. Mkwe wangu akaingia. Hakubisha. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu, akanyoosha mkono akachukua kipande cha samaki kutoka sahani yangu, akala. Akatabasamu.

Niliinuka nikaacha chakula pale. Nikamwita mjukuu wangu wa kike, nikamtuma. "Mwambie baba yako mama mkwe wake hajafa bado."

Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yao. "Kwani kuna nini, mormor?" Mormor ndiyo bibi mzaa mama.

"Mwambie hivyo hivyo."

Jioni ile mkwe wangu alikuja nje ya mlango wangu. "Samahani, Mama." Hasira ikapoa kidogo. Lakini hazikupita wiki mbili akanikuta chini kwenye lifti, majirani wamesimama pale. Akanipa mkono, mbele ya watu, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha adabu kama nimepotea. Kama natafuta nyumba ya nani.

Nyumba ya nani! Mimi! Nilisikia anachoniambia: wewe mama, hapa si kwako. Hivyo ndivyo nilivyokisikia. Nilipanda juu nikafunga mlango, na binti yangu aliporudi nikamwambia, "Mume wako amenichoka. Nitafutie pa kwenda. Na jina lake lisitajwe mbele yangu."

Binti yangu alilia. Nikachukua na kilio chake kuwa ushahidi.

Msimu mzima wa baridi sikumsemesha. Alikuwa anakuja mlangoni. "Samahani, Mama." Mimi nilikuwa nazima redio, ajue nipo na ajue sijibu. Nilimsikia anasimama pale, halafu nyayo zake zinaondoka. Wanawake wa kanisa niliwaeleza, na kila mmoja akasema nina haki. Nilipenda kusikia hivyo.

Jumamosi moja asubuhi, theluji ikianza kuyeyuka, wote walikuwa wamekwenda kwenye mechi ya watoto. Nilikuwa napika chai ya maziwa, chujio silioni. Nikapanda kigoda, nikafungua kabati la juu la vikombe, ambalo huwa silifikii. Ndani ya mlango wa kabati palikuwa na karatasi imebandikwa kwa utepe wa gundi. Herufi kubwa za Kiingereza, na michoro: duara, mishale, mistari kama ramani. Niliweza kusoma neno moja. MAMA. Lilikuwa mara nne.

Chai ikafurika jiko lote. Sikuibandua ile karatasi. Nilikaa nikaingoja familia.

Binti yangu aliingia wa kwanza, wenzake wamebaki chini na baiskeli. Nikamwambia, "Nisomee." Hakuvua hata koti.

"Mama akiwa jikoni, subiri ukumbini," akasoma. "Usimpe Mama mkono. Usile mbele ya Mama. Mama akipita, nenda ukutani. Ni mama wa mke wangu." Akaishia hapo.

"Umebakisha. Chini pale pamepigwa mistari miwili."

"Anaishi hapa."

Akaniambia kwamba katika vyumba vya kubadilishia nguo, maisha yake yote ya mpira, kulikuwa na karatasi kama hiyo ukutani: kona ikipigwa, nani amshike nani, nani asimame wapi. Mchezaji anaipitia mara ya mwisho ndipo anatoka. Naye alijiandikia yake. Kila asubuhi alikuwa anafungua kabati la vikombe, anaisoma, anafunga.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya samaki."

"Ameonwa na daktari?"

"Mara tatu, mama. Wamepiga picha za kichwa. Daktari anasema huenda ni ile mipira ya miaka yote, na kule kugongana. Hawezi kuapa. Anasema itaendelea."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia, na katika umri wake wote hajawahi kuniangalia vile. "Ningekuambiaje? Ulisema jina lake lisitajwe. Na yeye aliniomba. Alisema afadhali Mama afikiri nina kiburi, kuliko ajue siku nyingine simtambui."

Nilikwenda chumbani kwangu. Nitawaambia nilichofikiri, halafu msiniulize tena. Ugonjwa hautibiki, najua. Hata ningejua mapema nisingeuzuia. Lakini msimu ule wa baridi alikuwa bado na maneno. Alikuwa anaweza, kupitia binti yangu, kunieleza zaidi habari ya baba yake na ile kamba ya gereji, na ile miji ya mvua, na aliogopa nini alipoanza kusahau. Alikuja mlangoni kwangu akiwa na maneno hayo, nikazima redio.

Siku iliyofuata nilikaanga samaki, nikaweka sahani mbili, nikaketi nikamwita kwa sauti. Akatokea mlangoni, akaniona nakula. Akarudi nyuma mbio, akajibandika ukutani, mikono mbele. Nikamwita tena. Hakusogea. Wiki hizo mambo mengi yalikuwa yamemtoka, hata njia ya kwenda stesheni, lakini lile nililomfundisha mimi lilikuwa limemwingia mwilini, na sasa halikutaka kutoka. Ilibidi niinuke. Nilikwenda ukumbini nikamshika mkono. Mkono mkubwa, mkavu, vidole viwili vimepinda kwa kuvunjika zamani. Miaka yote ile sikuwahi kuushika, isipokuwa siku ile ya lifti, na siku ile niliuvuta wangu.

"Twende tule," nikasema. Akanifuata. Alikula samaki akiangalia mlangoni, kama mtu anayengoja refa apulize filimbi.

Wazee nyumbani niliwaambia. Mmoja alinikemea. Nikamwambia, njoo wewe umweke ukutani, mimi siwezi tena.

Sasa nakuja kwenu. Jumapili ile mliyokuja wote baada ya ibada, wajukuu na marafiki zenu na wale vijana aliowafundisha mpira, mlimzunguka mezani. Mlimpenda, najua, ndiyo maana mlikuja. Lakini mlianza. "Unanikumbuka mimi?" "Na mimi je, kocha, mimi nani?" "Kocha, ile timu ya kwanza ulivaa jezi namba ngapi?" Kila mmoja na swali lake, na mnacheka, na yeye anacheka, na kicheko chake kinapungua. Kisha akainuka. Mlidhani anakwenda kuchukua maji. Mimi nilikuwa namwangalia. Alikwenda kwenye kabati la vikombe, akafungua mlango, akasimama pale akiisoma ile karatasi kutoka juu hadi chini, anawatafuta. Hamkuwemo. Nilikuwemo mimi peke yangu. Akaisoma mara ya pili.

Hapo ndipo nilipogonga meza. Wengine wenu mlikasirika, mkasema bibi ameharibu sherehe. Basi niandike nilichosema, ili asiyekuwepo naye akijue, maana ni amri ya nyumba hii hata nikishazikwa:

"Nyamazeni. Kuanzia leo hakuna mtu kumuuliza huyu baba kama anamkumbuka. Hakuna kumtahini, amemaliza mitihani yake. Ukiingia kwa mlango huo, vua viatu, njoo mbele yake, mwambie jina lako na wewe ni nani wake. Kila siku. Hata kama ulikwenda dukani tu ukarudi. Na hakuna atakayekula chumbani, na mimi pia. Tokeni nje wote, muingie upya mmoja mmoja. Naanza mimi. Mkwe wangu, mimi ni Mama, mama wa mke wako, naishi hapa. Haya, anayefuata, ingia."