Pochi ya Sarafu na Mtamba wa Nyashimo

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo nikiikumbuka nasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, kwa sauti, hata nikiwa peke yangu jikoni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi Bariadi kutoka Dar es Salaam, mvi sina hata moja, na nilirudi kwa kishindo. Diploma yangu ya kompyuta niliitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione. Niliisomea kwa hela ya chapati nilizokanda kwa mikono hii, kwa hiyo utanivumilia nikiitaja tena.

Dar nilifanya kazi ya kutafsiri kurasa za mtandao mmoja mdogo wa blokcheni, yaani daftari la pamoja la kidijitali linaloandika nani ana sarafu ngapi, siyo ile mikubwa inayotajwa redioni. Wakanilipa kwa sarafu zao za kidijitali. Sikuzigusa. Mama yangu kule Maswa alikuwa bado analala chini ya nyasi zinazovuja, na nilikuwa nimemwahidi bati mbele ya ukoo mzima. Bati lenyewe lilikuwa ndani ya sarafu zile. Mara pochi niliyozihifadhia, yaani programu ya kwenye simu, ikatangaza kwamba itaacha kuuhudumia mtandao ule. Ikabidi nihame.

Mtandao ukiwa mdogo, mwanangu, pochi nyingi maarufu haziujui kabisa. Baada ya kutafuta sana nilibaki na mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kupendeza, unaingia kwa namba ya simu tu, wenyewe wanakutunzia funguo za sarafu zako na wanakuahidi faida kila mwezi. Ya pili ilikuwa kavu kama daftari la shule. Inakupa maneno ya siri, ndiyo funguo zenyewe, uyatunze mwenyewe, na ukiyapoteza hakuna wa kumlilia. Moyo wangu ulikuwa kwa ile ya kwanza.

Nikiwa barazani nazilinganisha, akaingia baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Alikuwa anatoka kwake Lingeka kwenda Nyashimo.

“Mwangaluka, mayu,” akanisalimia kwa Kisukuma. “Mbona unaikodolea simu kama unachagua mchumba?”

“Nachagua pochi, baba mkubwa. Hii hapa nzuri, watu wake wanakutunzia kila kitu.”

“Watu gani? Kwao wapi?”

“Wako mtandaoni.”

“Mtandaoni ndiyo wilaya gani?” Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Nikaanza kumweleza kisomi, akanikatisha. Unajua, mwanangu, sisi Wasukuma hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Unampa rafiki wa mbali akutunzie, yeye anywe maziwa, ndama wabaki kuwa wako. Baba mkubwa alikuwa na rafiki mpya Nyashimo, na kwanza alikuwa amempelekea mtamba mmoja tu.

“Leo naenda kumchukua,” akasema, “na sijampa taarifa. Akinifungulia mtamba wangu huku tunataniana, nitampelekea na wengine. Akianza kuniambia mchungaji kaenda mbali, nimeshamjua. Na wewe na diploma yako hiyo ukutani, hao watu wako umeshawadai mtamba?”

Iliniuma. Lakini alipoondoka tu, nikatuma sarafu kidogo kwenye kila pochi. Ile kavu niliifuta kwenye simu, nikaiweka upya, nikaandika maneno yangu ya siri, na sarafu zikatokea. Nikazirudisha nilikozitoa bila shida. Ile ya kupendeza ilipokea haraka sana. Nilipotaka kutoa, ikaniandikia: ombi lako linashughulikiwa.

Kesho yake baba mkubwa akarudi, mtamba amesimama ndani ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

“Kanifungulia mwenyewe, na ugali nimekula! Na wa kwako je?”

“Mchungaji kaenda mbali, baba mkubwa.”

Hakucheka. Alinishika bega tu.

Kile kidogo hakijarudi mpaka leo, na pochi yenyewe ilitoweka. Zilizobaki zote nilizihamishia kwenye ile kavu, na nilipoziuza, mama akapata bati. Mvua ya kwanza alinipigia simu, tukashindwa kusikilizana kwa kelele za matone juu ya paa lake. Kwa hilo namshukuru mzee yule kuliko mwalimu yeyote aliyenisainia cheti.

Basi mwanangu, uzuri wa rangi na ahadi ya faida visikuchagulie pochi. Uliza kwanza kama inaujua mtandao wako, kisha uliza nani anashika funguo. Maneno yako ya siri yaandike kwa mkono, usiyapige picha, usimwambie hata mchumba. Tuma kidogo, na kabla ya kutuma kingine, kidai kile kidogo kirudi. Asiyekupa mtamba mmoja hatakupa kundi.

Mungu akupe pamba nyeupe shambani na ng'ombe wanaorudi ukiwaita. Na akuwekee mzee wa kukuuliza maswali ya kukukera, kama alivyoniwekea mimi. Wabeja, baba mkubwa.