Wati Thelathini za Jafar

Jafar, fundi wa redio wa Bofu, ana wivu ambao mkewe husema angeonewa yeye nusu yake tu, angenenepa. Wote umeishia kwenye amplifaya.

Ni amplifaya ya valvu, taa za kioo zinazopata moto kama jiko, na nguvu yake ni wati thelathini. Ndiyo iliyopiga taarabu za harusi za wanawake hapa Likoni miaka na miaka. Mwanamume haingii kwenye ngoma ya wanawake, basi Jafar hukaa nyuma ya pazia na vyombo vyake, akimsikiliza mwimbaji wao, Dhahabu, akiimba. Sauti ya Dhahabu ikipanda, valvu hukwaruza, naye hupenyeza neno: mwambieni apunguze kidogo. Dhahabu hupunguza.

Kisha akaja Bonface, kijana wa bara, na amplifaya ya transista ya wati mia tano. Dhahabu akataka kuijaribu. Jafar akaungua roho. Akawaita wote wawili dukani, akazifunga amplifaya zote mbili, moja baada ya nyingine, kwenye spika moja, sauti ya wastani. Yake ikatoka laini, tamu, wala ya Bonface haikuizidi kwa ukubwa.

"Wati mia tano ziko wapi?" akauliza, meno yote nje.

"Mzee, hapa dukani hazina kazi," Bonface akasema. "Nimefungua kidogo tu."

"Hini yako ni tamu, kaka Jafar," Dhahabu akasema. "Lakini Ijumaa n'tamchukua Bonface."

Ijumaa Jafar akajifanya anapita njia. Akaketi nyuma ya pazia kando ya Bonface, akimwomba Mungu ile transista iungue mbele ya watu. Haya ni maombi ya kipuuzi, lakini mwenye wivu hachagui.

Dhahabu akaanza kwa chini, kama siku zote. Alipofika pale ambapo Jafar humzuia, akapanda. Jafar akatega sikio asikie mkwaruzo. Haukuja. Sauti ikazidi kupanda, pana, nzito, ikajaa uwanja mzima, na vigelegele vikalipuka upande wa pili.

Jafar akamgeukia Bonface. "Mumemleta mwimbaji mwengine?"

"Ni Dhahabu, mzee," Bonface akasema, akimshangaa. "Kwani hujawahi kumsikia?"