Kila wa Kumi Atoke Mstarini

Samaki mmoja akioza, kaoza huyo mmoja. Wengine kawachungulie kwanza. Ndivyo anavyosema fundi cherehani anayeitwa Dada Futi, na leo anawachungulia kwelikweli.

Saa moja na nusu asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Wanafunzi wamepangwa mstarini, wafupi mbele, warefu nyuma. Dada Futi, utepe wa kupimia shingoni, anapita kando yao akihesabu kwa midomo.

"Wewe, baba, toka. Na wewe, mrembo, wa kumi ni wewe!"

Mdogo wake, anayeshona naye, anaandika urefu wa mikono. Mstari unapinda kama nyoka aliyemeza mbuzi. Watoto wanacheka. Mwalimu mkuu hacheki.

Kisa kilianza mwaka jana, shule ilipowapa oda ya mashati ya mikono mirefu. Mdogo mtu ndiye aliyetumwa kupima. Muda wa kuwapima wote haukuwapo, basi akapima thelathini wa mwanzo wa mstari, akarudi na furaha zake.

"Nani aliniambia kuwa mbele husimama wafupi?" anajitetea.

"Kwani macho yalikuwa likizo?" anachekwa na dada yake.

Mashati yakawabana nusu ya shule. Msichana mmoja mrefu, mikono ya shati ikimwishia karibu na viwiko, akaacha kunyoosha mkono darasani. Majibu aliyajua, alichoogopa ni vicheko. Shangazi yake ndiye aliyemfikishia Dada Futi habari hiyo.



Dada Futi akajiunga na madarasa ya jioni ya takwimu. Karo ikameza faida ya miezi mitatu, lakini hajuti.

"Mwalimu wangu yule, Mungu amzidishie! Alinikuta najua kukata kitambaa tu, akanifundisha kuchukua sampuli. Chota mbele, chota kati, chota nyuma, la sivyo unajidanganya mwenyewe."

Vipimo vinapokamilika, anapiga magoti barazani na kuchora grafu kwa chaki sakafuni. Kila mtoto alama moja. Nguzo zinainuka vilima viwili, wadogo huku, wakubwa kule, na bonde katikati.

"Wastani uko hapa bondeni," anamwonyesha mwalimu mkuu. "Na bondeni hakai mtu! Nikishona wastani mtupu, namshonea mtoto ambaye hajazaliwa."

Anataka kushona saizi mbili, moja kwa kila kilima, kila mkono ukiwa na pindo la kufumuliwa mtoto akirefuka. Anahitaji saini tu. Bila oda hii, cherehani ya pili, waliyoikodi, inarudi kwa mwenyewe.

"Grafu nimeiona, Fundi," anasema mwalimu mkuu. "Lakini umenivurugia mstari, na wazazi pale getini wanatazama. Omba radhi, nitie saini."

Mdogo wake anamfinya. "Dada, sema tu, yaishe."

Dada Futi anasimama, anajipangusa chaki magotini.

"Mwalimu, nakushukuru. Ulitupa kazi hatujulikani, ukatuita tena baada ya kuharibu. Shukrani nitakupa mpaka uchoke kuzipokea."

Anatazama mwisho wa mstari. Yule msichana mrefu amesimama pale, mikono ameificha mgongoni.

"Lakini kwa kuwatoa watoto mstarini? Siombi radhi, Mwalimu. Leo wala kesho."