Tawi Bichi la Mninga

Juzi nilikwenda kwa seremala kununua kitanda. Nilipoona mbao za mninga nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu mzima mimi!

Nilipokuwa mtoto wa Dar, nilipelekwa likizo kwa bibi, kijijini kwake Mamba. Mchana mmoja akanituma kuni. "Zilizokauka tu, mume wangu. Mti ulio hai usiuguse."

Kwa uvivu nikakata tawi bichi la mninga lililokuwa karibu. Likatoka damu nzito, ikanichuruzikia hadi vidoleni. Ndege wote wakanyamaza.

"Bibi, nimeua mtu!" nikapiga kelele hadi akaja mbio kutoka nyumbani.

Bibi akacheka hadi akakaa chini. Leo najua ule ulikuwa utomvu tu. Lakini alipomaliza kucheka akasema, "Haya, mwombe msamaha."

Nikauomba mti msamaha. Bibi akatega sikio kwenye shina, kisha akaniuliza taratibu, "Amesemaje?"